Dalali wa Nyumba na Cha Juu Chake

Bismillahi Rrahmani Rrahim.

Imeulizwa: dalali wa nyumba akizidisha juu ya thamani aliyoitaka mwenye nyumba, kisha ziyada hiyo akaitia mfukoni, na mwenye nyumba hajui wala mnunuzi hajui, je, mali hiyo ni yake?

Suala hili lina uzito khasa katika mji wa Mwanza. Watu wa pwani huhamia huko kwa kazi za Serikali na kwa biashara, na mgeni hana njia nyepesi ya kujua ni nyumba ipi inayouzwa Kirumba au Nyakato ila kwa kinywa cha dalali. Tena milima ya mawe ya Igogo na Mabatini imejaa nyumba zilizojengwa kabla ya ardhi kupimwa. Mwenyewe ana karatasi ya mauziano yenye mhuri wa mwenyekiti wa mtaa, na dalali huiita karatasi hiyo hati. Siyo hati. Mnunuzi atakapoipeleka benki kutaka mkopo wa nyumba ataulizwa hati miliki, ilhali arubuni amekwisha kuitoa. Dalali aliyeyajua hayo akanyamaza amekwisha kughushi kabla bei haijatajwa.

Mikopo yenyewe si ya zamani. Ilitungwa sheria ya rehani za nyumba mwaka 2008, na mwaka 2010 ikaundwa TMRC, kwa msaada wa Serikali na fedha za Benki ya Dunia, ili izikopeshe benki nazo ziweze kuwakopesha wanunuzi kwa miaka mingi. Khabari ya riba wanazuoni wamekwisha kuieleza, na hapa siyo iliyokusudiwa. Mwenye kuikimbia hutafuta murabaha katika benki zifuatazo sharia, kama Amana Bank iliyofunguliwa mwaka 2011. Walakini ashikaye njia hii na ashikaye ile, wote hukutana na dalali mlangoni.

Mathalan mwenye nyumba ataka shilingi 60,000,000. Dalali humwambia mnunuzi kuwa ni 68,000,000, na mwenye nyumba hapunguzi. Zile 8,000,000 ndizo ziitwazo cha juu. Kwa mwenye fedha taslimu ni hasara ya siku moja. Kwa mwenye kulipa miaka 15 ni zaidi ya shilingi 44,000 kila mwezi katika miezi 180, kabla ya faida ya benki kuongezwa juu yake. Na mthamini wa benki akiikadiria nyumba chini ya bei hiyo, benki hutoa kwa kadiri ya thamani, na pengo hubaki juu ya mnunuzi.

Ujira wa dalali si haramu. Imamu Bukhari, katika mambo ya ijara, amewataja Ibn Sirin, Ataa, Ibrahim na Hasan kuwa hawakuona ubaya ndani yake. Na Ibn Abbas, ambaye katazo la Mtume (s.a.w.) la mwenyeji kumuuzia mtu wa bara alilifasiri kuwa asiwe dalali wake, ndiye huyo huyo aliyepokewa kuwa hakuona ubaya mtu kuambiwa auze nguo, na kitakachozidi kadha wa kadha kiwe chake. Madalali waliosoma kidogo wameishika riwaya hii kwa mikono miwili. Lakini na itazamwe asemaye maneno hayo ni nani: ni mwenye nguo. Yeye ndiye aliyeitoa ziyada kwa ridhaa yake, na dalali hakujikatia mwenyewe. Juu ya hayo, wanazuoni wa Kishafii, ambao ndio wafuatwao na watu wa pwani, hawakuikubali hata hiyo. Kwao ujira hauna budi kujulikana.

Katika murabaha khiyana hii huzidi kuwa mbaya, kwani bei hiyo husimama juu ya uaminifu wa kutaja mtaji. Imamu Nawawi katika Minhaji ameuhesabu ujira wa dalali katika gharama ziwezazo kuingia, pale muuzaji anaposema kuwa auza kwa kadiri kitu kilivyomsimamia. Basi ujira uliotajwa una mahali pake hata katika vitabu vya fikihi. Cha juu hakina mahali, kwa kuwa huingia kwa jina la bei.

Na wako madalali wamfundishao mume aandike kuwa hana mke, ili karatasi zipite upesi, kwani sheria ya ardhi ya mwaka 1999 haikubali nyumba ya mke na mume kuwekwa rehani bila ya ridhaa ya mwenzi. Mume akubaliye hayo na asimlaumu dalali peke yake.

Ama jawabu la suala: dalali ni wakili wa mwenye nyumba, na thamani yote iliyopatikana kwa kuuza ni ya aliyemwakilisha. Ikiwa ujira haukutajwa, na kazi ameifanya kwa kutumai ujira kama ilivyo desturi ya madalali, hutazamwa ujira wa mfano wake mjini, naye hupewa huo. Iliyozidi hurudishwa kwa mwenye nyumba, hata ikiwa nyumba imekwisha kuandikwa jina la mwingine.