Je, Kukosea na Kutojali ni Kitu Kimoja?

Wasomaji wetu, mtu aliyehukumiwa kifungo, je, amepoteza pia haki ya kuuguzwa? Natutazame shauri la mfungwa mmoja wa Texas, katika nchi ya Marekani.

Tarehe 9 Novemba 1973 J. W. Gamble alikuwa akipakua marobota ya pamba katika lori, kazi aliyopewa gerezani, na robota moja likamwangukia. Kwa muda wa miezi 3 alitazamwa na waganga na wasaidizi wao mara 17, akapewa vidonge. Lakini mgongo wake haukupigwa eksirei, na alipokataa kazi kwa ajili ya maumivu aliadhibiwa. Basi akaandika mashtaka kwa mkono wake mwenyewe, bila wakili.

Shauri likafika hata Mahakama Kuu ya Marekani, nayo ikahukumu mwaka 1976 kwa kinywa cha jaji Thurgood Marshall. Ilisema hivi: mfungwa hawezi kujitafutia mganga; kwa hiyo wakubwa wa gereza wakijua ugonjwa wake mzito wasiujali, huo ni ukatili uliokatazwa na katiba. Lakini kosa la mganga si ukatili, wala haliwi ukatili kwa sababu mgonjwa ni mfungwa. Mwenye kulidai na aende katika mahakama za jimbo lake. Ndivyo madai ya Gamble juu ya mganga yalivyokataliwa. Aliwafungulia wengine mlango, naye hakuingia.

Twakiri ya kuwa tofauti hiyo ina haki ndani yake. Mganga mwema naye hukosea, na kama kila kosa lingeitwa ukatili, nani angethubutu kumgusa mgonjwa? Walakini jaji mmoja, John Paul Stevens, hakukubaliana na wenzake. Alisema itazamwe adhabu jinsi ilivyo, si nia ya mtendaji. Maana maumivu ya mgonjwa hayapungui kwa kuwa aliyemwacha hakukusudia mabaya.

Sisi twaona hivi: aliyemnyima mtu njia ya kutoka, deni la kumwendea ni lake. Tena deni hilo halilipwi kwa hesabu. Mtu aweza kutazamwa mara 17, na maumivu yake yasisikilizwe hata mara moja. Nasi tumwendeapo mgonjwa, tusijihesabie haki kwa wingi wa safari zetu. Tujiulize kwanza: Alituambia nini, nasi tulifanya nini baada ya kusikia?