Nembo Yenye Miale 12

Vijana wanne wa Magomeni, Dar es Salaam, hukutana mtandaoni kila usiku baada ya kazi kucheza PUBG Mobile. Kisa chao nimekitunga kwa ajili ya funzo, ila yote nitakayoeleza kuhusu alama waliyoichagua ni kweli tupu.

Timu yao imeanza kutamba mtaani. Sasa wanataka jezi, na jezi haikamiliki bila nembo. Mmoja wao anatafuta picha ya jua mtandaoni, anakutana na gurudumu jeusi lenye miale 12 iliyovunjwa kwa kona kali. Linavutia kwelikweli. Hata likipunguzwa hadi kutosha kwenye kona ya skrini ya simu, bado linaonekana vizuri.

Usiku uleule wanaanza kulitafutia maana, na kazi inawanogea. Miale 12, anasema mmoja, ni saa 12 za mchana wetu, tangu jua linapochomoza hadi linapotua. Mwingine anadakia kuwa duara la katikati ndio timu, kwa sababu kila mwale unaanzia hapo. Kaulimbiu inapatikana papo hapo: "Jua Letu Halichwi". Mpaka hapo sina ugomvi nao. Hesabu ya saa 12 imetoka katika namna yetu wenyewe ya kusoma siku, na ni nzuri. Ila wa nne anaona haitoshi. Anataka uzito wa kale. "Tuandike kwamba wazee walikuwa wanaichonga kwenye milango ya Zanzibar," anasema, "na hiyo kaulimbiu ulikuwa wito wa manahodha." Wenzake wanacheka, wanakubali. Inaandikwa hivyo kwenye ukurasa wa timu, na fundi wa Kariakoo anachapa jezi nne, gurudumu kifuani.

Baadaye wanajisajili kwenye mashindano ya mtandaoni yanayoandaliwa Ulaya. Jibu linakuja kwa barua pepe ya mistari mitatu: nembo yenu haikubaliki, ibadilisheni kabla ya Ijumaa au mtaondolewa.

Wangeuliza mapema wangejua. Gurudumu lile asili yake ni sakafu ya ngome ya Wewelsburg nchini Ujerumani. Mwaka 1934 Heinrich Himmler, mkuu wa kikosi cha SS cha Wanazi, aliikodi ngome hiyo akaifanya kituo cha kikosi chake. Kazi ya ujenzi walifanyishwa wafungwa wa kambi ya mateso ya Niederhagen iliyokuwa jirani, na zaidi ya 1,200 kati yao walikufa. Katika ukumbi mmoja wa mnara wa kaskazini sakafu ilitiwa nakshi ya gurudumu lenye miale 12. Maana yake ya awali haikuachwa kwenye maandishi yoyote. Hata jina la Jua Jeusi, ambalo linatumika leo, lilienea miongo kadhaa baada ya vita, kwa msaada wa riwaya ya Kijerumani iliyotoka mwaka 1991. Kwa hiyo nayo ilibuniwa maana, kama walivyofanya vijana wetu. Tofauti ni watu walioibeba baada ya hapo: makundi ya Wanazi mamboleo. Mtu aliyewaua waumini 51 katika misikiti miwili ya Christchurch, New Zealand, Machi 2019, alikuwa na alama hiyo. Wawili kati ya vijana wale wa Magomeni husali Ijumaa na hiyo jezi mwilini.

Sioni haki ya kuwaita wajinga. Studio ya Bungie ya Marekani, yenye wachoraji na wakaguzi wa kulipwa, iliteleza pahali hapohapo. Septemba 2017, siku chache tu baada ya gemu yao ya Destiny 2 kutoka, wachezaji waligundua kwamba kinga fulani za mikono zilikuwa na mchoro unaofanana na alama ya makundi ya chuki ya mtandaoni. Bungie waliomba radhi, wakauondoa. Walieleza kwamba ukaguzi wao ulikuwa umeona alama hiyo ilipoanzia kama utani, lakini haukuona ilikokuja kuishia. Alama unaweza kuipa maana yoyote usiku mmoja mezani kwako, lakini macho ya watu yanaisoma kwa wale walioivaa kabla yako.

Kosa la vijana la kuchagua nembo ile lilikuwa linarekebishika jioni moja. Lililowaangusha ni lile la pili. Badala ya kubadilisha nembo, vijana walijitetea hadharani: hii ni urithi wa Waswahili, iko kwenye milango ya Zanzibar, Ulaya haiwezi kutunyang'anya. Watu wengi wakawaunga mkono kwa moyo safi. Kisha akajitokeza mzee mmoja, fundi wa kuchonga milango. "Wanangu," aliandika, "mlango huo uko mtaa gani hapa Mji Mkongwe? Mie nimechonga mawaridi, samaki, minyororo na mitende. Hili sijapata kuliona. Nielekezeni nikalitazame." Aliuliza kwa upole na alikuwa tayari kweli kwenda kutazama. Walimwamkia "Shikamoo mzee", kisha wakanyamaza. Waliowatetea nao wakanyamaza, mmoja baada ya mwingine.

Uongo wa aina hii una maisha marefu kuliko anavyodhani mtunzi wake. Pierre de Coubertin alichora pete tano za Olimpiki mwaka 1913. Kwa ajili ya mbio za mwenge za 1936, Mjerumani Carl Diem aliagiza jiwe lichongwe pete hizo na kuwekwa Delphi, Ugiriki, kama pambo la sherehe. Sherehe ikaisha, jiwe likabaki. Baadaye waandishi wa Marekani waliliona wakaamini ni la kale, wakaandika kwamba pete zile zilitoka kwa Wagiriki wa zamani, na vitabu vingine vikanakili. Yote hayo yalitokana na pambo tu, bila mtu kukusudia kudanganya. Milango yetu ya pwani ina wanafunzi wachache mno wanaoiandikia, na mtoto wa shule anayetafuta habari zake leo anaweza kukutana na ukurasa wa timu ya gemu kabla ya kukutana na fundi anayeijua.

Upya wa nembo si aibu. Timu ya Natus Vincere ilizaliwa Ukraine mwaka 2009 ikiwa na jina la Kilatini lenye maana ya kuzaliwa kushinda. Agosti 2011, mjini Cologne, ilitwaa ubingwa wa kwanza wa The International katika Dota 2 na zawadi ya dola milioni 1. Jina likapata uzito wake pale jukwaani.

Wewe unayeandaa jezi ya timu yako wiki hii, ipitishe picha yako kwenye utafutaji wa picha mtandaoni kabla hujampelekea fundi, na usome matokeo mpaka chini. Ukitaja mlango, utaje na mtaa. Na kama maana mmeitunga wenyewe jana usiku, andikeni hivyohivyo: tumeitunga sisi, mwaka huu, Magomeni.