Dada Aliyesimama Kando ya Mto



Katika sura ya pili ya Kutoka twasoma habari za mtoto mchanga aliyekuwa katika hatari ya kufa. Nyumba yao haikuweza kumficha tena, mamaye akamweka katika kisafina mtoni. Binti Farao akamwona, akamhurumia. Lakini jumba la mfalme, pamoja na utajiri wake wote, lilikosa maziwa ya kumnyonyesha. Ndipo dada yake, aliyekuwa amesimama kwa mbali akiangalia, akajitokeza na kwenda kumwita mama. Hivyo Musa akarudi kifuani pa mamaye, huku analindwa na jumba lile lile.

Kisa hiki kinatufaa tunapowafikiri watoto wanaozaliwa njiti, au wenye uzito chini ya kilo 2.5. Wako wasemao, “Hiyo ni kazi ya hospitali.” Wengine husema, “Mtoto hulelewa nyumbani, tumtoe mapema.” Kila mmoja ameshika nusu ya kisa.

Mtoto asiyepumua vizuri huhitaji oksijeni, na asiyeweza kunyonya huhitaji kulishwa kwa mrija. Nyumbani hatuna hayo. Lakini hospitali nayo inamhitaji mama. Mwaka 1978 huko Bogotá, nchini Colombia, ambako mashine za kuwapa watoto joto hazikutosha, madaktari walianza kuwafunga watoto wadogo kifuani pa mama zao, ngozi kwa ngozi. Mwaka 2021 yalitolewa matokeo ya utafiti wa nchi 5, Tanzania ikiwamo. Kati ya watoto wadogo sana waliosubiri kwanza mpaka hali zao zitulie, walikufa karibu 16 katika kila 100. Kati ya wale waliowekwa kifuani mara tu baada ya kuzaliwa, walikufa 12. Nao mama zao walilala wodini pamoja nao.

Basi jumba na kifua havigombani. Anayekosekana mara nyingi ni yule dada wa kwenda huku na huku.

Mama ametoka Nungwi au Makunduchi, mtoto wake amelazwa Mnazi Mmoja. Nani anawapikia watoto aliowaacha? Nani anamletea kanga safi na chakula cha moto? Mama akichoka, nani anamweka mtoto kifuani? Baba anaweza, na bibi pia. Tusiende wodini kutazama tu na kunong’ona kwamba mtoto hana maisha.

Na siku ya kuruhusiwa kazi haijaisha. Mtoto aendelee kukaa kifuani, anyonye maziwa ya mama tu, na siku za kliniki zisipite. Akikataa kunyonya, akiwa baridi au moto sana, akipumua kwa shida, akishikwa na degedege, au akiwa manjano mpaka viganjani na nyayoni, arudishwe hospitali siku ile ile. Tusingoje arobaini. Padre aitwe ambatize, lakini ubatizo usiwe sababu ya kuchelewesha safari.

Ndugu zangu, Kanisa Kuu letu la Mkunazini limesimama mahali palipokuwa soko la watumwa, ambapo watoto walitengwa na mama zao. Haifai sisi tunaosali hapo tumwache mama peke yake na mtoto wake mdogo. Juma hili, kila mmoja aulize mtaani kwake: ni nani amejifungua, naye anahitaji nini?

Mungu, aliyemlinda Musa mtoni, awalinde wadogo wetu. Amina.