Herufi moja ni amana

Ndugu msomaji, hapa Nachingwea gazeti haliishii mikononi mwa aliyelinunua. Husomwa barazani, kijiweni na darasani, na wanafunzi wangu huamini kwamba lililochapwa ndilo sahihi. Nikikuta katika insha "swala la ajira", najua walikolitoa. Swala ni mnyama wa porini, na wengi wetu huiandika hivyo pia ile nguzo ya dini. Jambo la kujadiliwa ni suala. Je, kosa la namna hii ni dogo la kupuuzwa, au linagusa uaminifu?

Wapo wanaosema kwamba lugha hubadilika, tusiwe wagumu. Ni kweli. Kiswahili kiliandikwa kwa herufi za Kiarabu karne nyingi kabla ya hizi za Kilatini, na kamati ya kukisanifisha iliundwa mwaka 1930. Hata katika Msahafu, alama za irabu ziliwekwa baada ya zama za Mtume (s.a.w.), na lengo lilikuwa kulinda usomaji usipotoke. Utaratibu wa kuandika ni makubaliano, na watu wanaweza kukubaliana upya. Kosa halikukubaliwa na yeyote. Limepita tu kwa sababu hakuna aliyetazama.

Kinachopungua leo ni jicho la pili. Mwaka 2017 hata The New York Times la Marekani liliamua kuvunja dawati lake la wasahihishaji, na wafanyakazi wakatoka nje kupinga. Sababu ni gharama na haraka ya mtandao. Kompyuta pekee haitoshi: "kula" ikiandikwa badala ya "kura", kwake yote mawili ni maneno halali. Na mkulima wa Ruangwa anayefuatilia bei ya korosho mnadani, akisoma 1,200 palipopaswa kuwa 2,100, hasara ni yake, si ya mhariri.

Wanazuoni wa hadithi walipomaliza kunakili kitabu waliketi kukilinganisha na asili yake, kazi waliyoiita muqabala. Walijua kwamba anayenakili amebeba maneno ya mwingine. Gazeti nalo limebeba maneno ya watu, na amana haipungui kwa sababu tuna haraka. Asiyeweza kuajiri msahihishaji, basi ampe mwenzake asome kabla ya kuchapa. Nasi wasomaji tukiona kosa, tuandike kwa adabu kulisahihisha.

Wallahu aalam.