Maji Yaliyo Twahara na Maji Yenye Dhara

Ama baada ya kumhimidi Mwenyezi Mungu na kumsalia Mtume wake (s.a.w.), twapenda kuwakumbusha ndugu zetu wa Keringet, na wote wakaao katika milima ya Mau, jambo ambalo ni nadra kulisikia juu ya mimbari.

Sote tumefunzwa vyuoni kuwa maji hutazamwa rangi, ladha na harufu. Yakibadilika kwa najisi hayafai kwa udhu. Hukumu hii ni sahihi. Lakini mbolea itiwayo katika mashamba ya viazi huacha naitreti, nayo huyeyuka ikashuka na mvua bila ya kugeuza hata moja katika sifa hizo tatu. Mtu aweza kutawadha kwa maji hayo na Sala yake ikasihi. Na mtoto mchanga akikorogewa maziwa ya unga kwa maji hayo hayo, naitreti ikiwa nyingi, damu yake hushindwa kuchukua hewa, akageuka rangi ya buluu, na aweza kufa. Shirika la Afya Duniani limeweka mpaka wa miligramu 50 kwa lita. Wala kuchemsha hakufai kitu: maji hupungua, naitreti ikabaki.

Basi asidhani mtu kuwa maji yakiwa twahara naye amekwisha kutoka katika dhima. Mtume amekataza kudhuriana, akakataza hata kukojoa katika maji yaliyosimama. Itakuwaje kwa asuuzaye bomba la dawa ya ukungu kijitoni, na chini yake wako majirani wanaoteka? Wako watakaotaka maji yasomewe dua. Dua hatuikatai, twakataa kuifanya badala ya jembe.

Na njia i karibu. Marekani na New Zealand wako wakulima wanaochimba handaki ukingoni mwa shamba, wakalijaza vibanzi vya miti, maji ya shamba yakapita humo polepole. Vijidudu vilivyomo, kwa kukosa hewa, huivuta ile iliyofungwa ndani ya naitreti, ikageuka gesi isiyodhuru. Magunzi ya mahindi, ambayo sisi twayachoma, yamejaribiwa vile vile: hufanya kazi upesi kuliko mbao, ila huoza mapema na yabidi kubadilishwa. Maji ya mwanzo hutoka na rangi ya chai. Hayo yarudishwe shambani. Dawa za kunyunyizia ni jambo jingine. Baadhi yake hunaswa na makaa yaliyopondwa, nayo makaa yakishajaa hayanasi tena. Wala maji ya handaki si ya kunywa.

Twawaomba wenye mashamba ya juu waanze na handaki moja kabla ya mvua za masika, pale mtaro unapokusanya maji kabla ya kuangukia kijitoni.