Je, Nilidanganya? Digrii, Kazi na Ukweli Tunaodaiwa



Leo naanza na jambo ambalo nilishaliungama kwa padre, ila nadhani litamsaidia mtu. Kwa karibu mwaka mzima mama yangu aliwaambia wanajumuiya wenzake kule Mamba Miamba, juu kwenye milima ya Upare, kwamba mwanawe anafundisha hesabu Uingereza. Nilijua anasema hivyo. Sikumsahihisha.

Ukweli ni huu. Nina digrii ya ualimu wa fizikia na hesabu. Ada ilitoka kwenye tangawizi ya nyumbani, gunia baada ya gunia. Nilipomaliza chuo nilijitolea kufundisha sekondari nikisubiri ajira ambayo haikuja. Mwaka 2023 nikaanza kutafuta kazi nje. Februari mwaka huo Uingereza ilikuwa imewafungulia mlango walimu wa nchi na maeneo 9 zaidi, zikiwemo Ghana, Nigeria, Zimbabwe, Afrika Kusini na India, ili waombe kutambuliwa kama walimu kamili kule. Niliisoma ile orodha mara tatu nikiitafuta Tanzania. Haikuwemo. Na si kwamba nilipimwa nikafeli. Hakuna aliyenipima kabisa.

Mlango uliokuwa wazi kwangu ni wa kutunza wazee. Tangu Februari 2022 kazi hiyo ilikuwa imeingizwa kwenye viza ya wahudumu wa afya. Rafiki yangu akanishauri: "Hiyo digrii itoe kwenye CV, bwana. Wakiiona watasema huyu hatakaa." Nikaitoa. Nikaandika kidato cha sita, na ile miaka niliyomuuguza babu. Nikapata kazi.

Kwa hiyo nikawa nimeficha mambo mawili. Mwajiri nilimficha digrii. Nyumbani nilificha kazi. Kilichonisumbua kwa miezi mingi ni kile cha kwanza: nilijiona mwongo kwa sababu ya CV. Hicho cha pili nilikiita heshima kwa mama. Kumbe nilikuwa nimegeuza mambo juu chini.

Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2489, inafundisha kwamba mtu halazimiki kumfunulia ukweli yule asiye na haki ya kuujua. Mwajiri alitaka kujua kama naweza kumnyanyua mzee bila kumuumiza, kama nina rekodi safi, kama nitafika zamu ya usiku. Hayo yote nilimjibu kweli. Angeniuliza, "Umesoma chuo?" ningesema ndiyo. Hakuna mzee aliyeogeshwa vibaya kwa sababu mimi najua kalkulasi. Ila tusifanye namba hiyo kuwa kichaka cha kujifichia. Kukaa kimya ni jambo moja, kumwacha mtu ajenge nyumba juu ya uongo wako ni jambo jingine.

Siku moja mwaka 2024 akanipigia binti wa mama mdogo. Naye ni mwalimu, ana digrii, yuko nyumbani.

"Shikamoo kaka."

"Marahaba mdogo wangu, hamjambo huko?"

"Hatujambo. Kaka, kuna wakala nimempata, anasema ataniunganisha nije nifundishe kama wewe. Baba amekubali kuuza kipande cha shamba."

Nilikuwa nimekaa kwenye chumba cha kupumzikia, mikono inanuka dawa, nimetoka kumbadilisha bibi mmoja pampasi. Kama wewe, alisema. Nikaona mistari ya tangawizi ya mama mdogo, ile ya mteremkoni, inakwenda kwa wakala kwa sababu ya sifa ambayo sikuwahi kuwa nayo.

Hapo ndipo nilipolielewa swali langu vizuri. Nani ana haki ya kujua? Mimi naamini ni huyu: mtu yeyote atakayeamua jambo la maisha yake kwa kutegemea maneno yako, au ukimya wako. Mwajiri wangu hakupoteza kitu. Mdogo wangu alikuwa anakaribia kupoteza shamba.

Nikamwambia yote. Sitakudanganya kwamba alishukuru. Alisema, "Sawa kaka, nimeelewa, hutaki na sisi tufike," akakata simu. Tulikaa miezi bila kuzungumza. Shamba halikuuzwa. Mama nilimpigia jioni ile ile. Alinyamaza kidogo, kisha akauliza, "Hao wazee wana watoto?" Nikasema wengine wanao, hawaji. Akasema, "Basi wewe ndiye mtoto wao. Kwa nini ulinificha?" Sikuwa na jibu. Mpaka leo sina.

Nimetafuta mzizi wa ule ukimya, na nadhani ni huu: nilikubali kukadiriwa. Orodha iliniacha nje, nami nikakubali moyoni kwamba nimepungua, kisha nikajiongezea kwa uongo. Sisi wa Upare tulipaswa kujua zaidi. Miaka ya 1940 serikali ya kikoloni ilileta kodi iliyoitwa mbiru, kila mtu akadiriwe mali yake na alipe kwa kadiri hiyo. Mwaka 1945 babu zetu walishuka milimani kwa maelfu wakakusanyika Same, makao makuu ya wilaya, kuipinga. Hawakuficha mbuzi wala kutaja mali wasiyokuwa nayo. Walikaa pale mchana kweupe wakasema makadirio haya hatuyakubali. Mwishowe kodi ile ikaondolewa.

Kwa hiyo sikuambii ujidharau kwa jina la unyenyekevu. Mfumo usioitambua elimu yako bila hata kuipima unaweza kuwa haukutendei haki, na unaruhusiwa kusema hivyo. Andika barua, omba vyeti vikaguliwe, soma tena ukiweza. Ila usikatae makadirio yao kwa kujipandisha cheo nyumbani.

Mtazame Mtakatifu Paulo. Alisoma miguuni pa Gamalieli, mwalimu mkubwa wa Sheria. Alipofika Korintho alishona mahema na Akila na Priskila. Hakusema hakusoma, hakusema hashoni. Na Mtakatifu Yohane Paulo II, katika Laborem Exercens ya mwaka 1981, alifundisha kwamba kazi hupata hadhi yake ya kwanza kutokana na anayeifanya, kwa kuwa ni mtu. Kubeba boksi hakumpunguzi mbebaji. Kusema uongo kunampunguza.

Nilipokuja likizo, nilisimama kwenye jumuiya nikasema ninachofanya. Mzee mmoja alicheka. Wengine wakauliza mishahara. Maisha yakaendelea. Na kwa anayetaka kuniomba mpango: Julai 2025 hata mlango wa watunza wazee ulifungwa kwa waajiriwa wapya kutoka nje. Yeyote anayekuahidi huo, shika shamba lako.

Swali la kutafakari wiki hii: kuna mtu anayepanga maisha yake kwa kutegemea picha yako isiyo ya kweli? Mpigie leo.

Ee Bwana Yesu, uliyeitwa mwana wa seremala na hukuona aibu, utupe moyo wa kusimama katika ukweli, mbele ya wanaotudharau na mbele ya wanaotusifu. Amina.