Watoto Wetu na Malisho ya Shimba

Bismillahir-Rahmanir-Rahim. Himdi zote twamrudishia Mwenyezi Mungu, Muumba aliyeumba akapamba, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), na jamaa zake na sahaba zake. Amma baad.

Ndugu zetu Waislamu, leo napenda kusema nanyi juu ya jambo ambalo wengi wetu hulihesabu kuwa ni mchezo, nalo kwa hakika ni sehemu ya malezi. Jambo lenyewe ni mzazi kuwachukua watu wa nyumba yake akatoka nao mjini, wakaenda kutazama miti, nyasi, ndege na wanyama ambao Mola wetu amewajaalia kuwa wenyeji wa nchi hii.

Nitaanza kwa kujishitaki mwenyewe. Siku moja nilitoka na ahali yangu, watoto wangu na mama yangu mzazi, tukavuka Likoni, tukashika njia ya Kwale hata tukafika milima ya Shimba, kilomita 33 hivi kutoka Mombasa. Mwanangu wa miaka minane akaelekeza kidole kwenye mti mkubwa, akaniuliza, "Baba, mti huu waitwaje?" Nikanyamaza. Mimi niliyekaa mbele ya masheikh miaka mingi nikisoma nahau na fiqhi, nisiyeona taabu kueleza hukumu za maji ya kutawadhia, sikuwa na jina la mti ulioota karibu hivyo na mji wangu. Mama yangu ndiye aliyejibu: "Huo ni mbambakofi, mjukuu wangu. Mlango wa nyumba ya marehemu babu yako ulichongwa kwa mti huo." Mlango ule nimeufungua na kuufunga tangu utotoni, wala sikupata kuuliza ulitoka wapi.

Ndugu msomaji, elimu ile aliyonayo mama yangu hairithiwi kama nyumba au shamba. Asipoulizwa naye yu hai, huzikwa nayo.

Katika Sura ya Al-Ghashiya, Mwenyezi Mungu awahimiza watu wamtazame ngamia alivyoumbwa, kisha watazame mbingu na milima na ardhi. Zingatieni kwamba Waarabu wale walielekezwa kwa mnyama waliyemzoea na kwa ardhi waliyoikanyaga. Hawakupewa safari ya kutafuta maajabu ya mbali. Basi sisi watu wa pwani, ngamia wetu ni yupi?

Mmoja wao ni palahala. Katika Kenya nzima, palahala wa porini hawakubaki ila huko Shimba. Dume lake ni jeusi la kung'aa, tumbo lake jeupe, na pembe zake zimepinda kwenda nyuma mfano wa jambia. Majike na wadogo wao ni wa rangi ya hudhurungi. Chakula chao ni nyasi za uwanda ulio wazi, na uwanda huo haukai wazi wenyewe. Moto upitao kwa nyakati zake, na tembo wavunjao vichaka, huuzuia msitu usije ukaufunga. Tazameni jinsi mmoja alivyofanywa sababu ya riziki ya mwingine, wala hapana aliyeumbwa bure.

Wala faida yake si ya wanyama peke yao. Mvua inyeshayo juu ya milima ile hunywewa na ardhi yake, kisha hutoka chini kwa chemchemi. Maji ya Marere yameletwa Mombasa kwa miaka mingi. Mto wa Mkurumudzi nao huanzia huko, ukateremka hata Gazi penye mikoko, ambamo samaki na kamba hukulia. Huenda mtu akatawadha kwa maji ya milima ile, akala samaki wa mikoko ile, kisha akasema, "Mimi na msitu tuna nini?"

Katika jambo hili watu wetu wamekosea kwa njia mbili. Wako wauogopao mti mkubwa, wakaufunga vitambaa na kuutolea ubani, kana kwamba wenye kudhuru na kunufaisha ni mti. Huo ni ujinga, na mti ni kiumbe kama sisi. Na wako wasioujali kabisa, wakaukata kwa tamaa ya siku moja, na watoto wao wakawapiga ndege kwa manati ili wacheke. Huo nao ni ujinga. Jirani zetu Wamijikenda wamezihifadhi kaya zao kwa desturi za wazee, hata mwaka 2008 baadhi yake zikaandikwa katika urithi wa dunia. Je, sisi tulioambiwa katika Sura ya Al-An'am kwamba wanyama na ndege ni mataifa mfano wetu, tutashindwa na walio na desturi tu?

Imepokewa katika Hadithi kwamba masahaba walipokuwa safarini waliwatwaa makinda ya ndege, mama yao akawa akipapatika kwa huzuni. Mtume (s.a.w.) akauliza ni nani aliyemtia uchungu kwa watoto wake, akaamrisha warudishwe. Mwenye kumsomea mwanawe Hadithi hii chuoni amefanya vyema. Lakini mtoto aliyeliona kinda kiotoni, na mama yake akimletea chakula, ataifahamu kwa moyo.

Mtu atasema, "Haya ni mambo ya watalii, na mke na binti ni wa kukaa nyumbani." Twamjibu: Mtume (s.a.w.) alisafiri na mkewe Bibi Aisha, na wakashindana mbio, mara bibi akamshinda na mara akamshinda yeye. Basi ni heshima gani tunayoidai sisi kuliko ya nyumba ile? Nendeni nao kwa stara na adabu, mkasali adhuhuri wakati wake ukiingia, mkala pamoja mlichokipika nyumbani.

Yatupasa pia kushika masharti ya mahali. Tusimkaribie tembo kwa ushujaa wa kipumbavu. Kwenda maporomoko ya Sheldrick tufuatane na askari wa hifadhi. Tusichume ua wala kung'oa mche. Plastiki za kutumiwa mara moja zimekatazwa katika hifadhi za nchi hii tangu Juni 2020, na kwa Muislamu usafi ulikuwa amri kabla ya sheria hiyo.

Asiye na nauli wala kiingilio hana udhuru pia. Mkwaju wa mtaani, mbuyu wa ufukoni, chozi anyonyaye maua uani, hivyo vyote ni vya kwetu. Mchukue mwanao na mzee wako baada ya alasiri, mmoja aulize na mmoja ajibu, nawe sikiliza.

Mimi sasa nimekwisha kujifunza majina kumi na manne kwa mama yangu. Namuomba Mwenyezi Mungu amzidishie umri, nipate yaliyobaki, na atujaalie sisi na watoto wetu macho yenye kuzingatia. Amin. Wabillahi taufiq.